Stetoskopu ya fundi: inasaka vizuri mlio wa injini, ila si kila mlio

Kwa gari linalogongagonga likiwa limesimama injini ikiwaka taratibu, kifaa hiki chenye ncha ndefu ya chuma ni cha kununua. Gusisha ncha kwenye mwili wa oltaneta (jenereta ya kuchaji betri), kisha pampu ya maji, kisha boliti ya tensheni (kikazio) ya mkanda: beringi iliyochoka inakwaruza masikioni waziwazi, nzima inavuma tu. Mlio ukizidi kwenye kava la taiming (kifuniko cha cheni ya ndani ya injini), shuku cheni hiyo au tensheni yake, lakini pima oili kwanza.

Kinaposhindwa ni kwenye bati la kukinga joto la ekzosi (bomba la moshi), na mara nyingi kelele hutoka hapo. Zima, subiri ipoe, ligonge kwa ngumi. Likicheza, kaza kwa klempu ya chuma. Mpira wa stetoskopu ni mrefu, uweke mbali kabisa na feni.