Darasa la Jumanne Jioni Kuhusu Mtumishi wa Bwana

Kwa Jumanne sita mfululizo nimehudhuria darasa la Biblia katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa moja mtaani Ngara, Nairobi, na ninalipendekeza kwa yeyote anayetafuta mafundisho yenye uzito.

Kiini chake ni Marko 10:45, ambapo Yesu anasema hakuja kutumikiwa bali kutumika, na kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Mwalimu alitueleza kwamba neno la Kigiriki lililotafsiriwa fidia, yaani lutron, lilimaanisha malipo ya kumkomboa mtumwa au mateka. Kisha akaturudisha kwenye Isaya 52:13 hadi 53:12, mstari kwa mstari, bila haraka, hata tukaona jinsi mtumishi yule anavyozichukua dhambi za wengi. Jioni hiyo peke yake ilistahili nauli yangu ya majuma yote sita.

Tulipofika Yohana 13, Yesu anapowaosha wanafunzi wake miguu, mwalimu alileta karai la plastiki na taulo, akapiga magoti mbele ya bawabu wa lango, mzee ambaye viatu vyake vilikuwa vimejaa vumbi la kutwa. Mzee alijaribu kuificha miguu chini ya kiti, kama vile Petro alivyokataa kuoshwa, na ukumbi mzima ukanyamaza.

Wafilipi 2, penye habari za Kristo kutwaa namna ya mtumwa, ilipitiwa upesi mno, jambo lililonisikitisha. Viti ni vigumu. Hakuna ada, chai ya maziwa hutolewa baada ya somo, na wanaoosha vikombe ni wazee wa kanisa wenyewe.