Dwight Schrute wa The Office: mnoko anayeijua kazi yake

Utani bora kuliko yote kuhusu Dwight Schrute, muuzaji wa karatasi katika kichekesho cha televisheni The Office, umekaa kwenye cheo chake, na Kiswahili kinaubeba bila kumwaga hata tone. Mwenyewe hujitambulisha kama Meneja Msaidizi wa Kanda. Bosi wake, Michael Scott, humkatiza palepale: Msaidizi wa Meneja wa Kanda. Maneno ni yaleyale, yamepinduliwa tu, na mtu keshashuka kutoka unaibu hadi kuwa wa kutumwa. Anayeanza kumtazama leo ashike hilo kwanza, maana karibu kila anachokifanya Dwight katika misimu 9 ni jitihada ya kuyarudisha maneno hayo kwenye mpangilio anaoutaka yeye.

Vipimo vya kipindi chenyewe ni hivi. The Office inayozungumziwa hapa ni ya Marekani, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha NBC kuanzia tarehe 24 Machi 2005 hadi 16 Mei 2013. Ina sehemu 201, nyingi zikiwa za dakika 22 hivi, kwa hiyo ukiimaliza yote umetumia zaidi ya saa 70. Inahusu tawi la Scranton, jimbo la Pennsylvania, la Dunder Mifflin, kampuni ya kubuni inayouza karatasi kwa maofisi. Imepigwa kana kwamba waandaaji wa makala ya maisha halisi wamepiga kambi ofisini: kamera inayumba kidogo, wafanyakazi wanahojiwa mmoja mmoja pembeni, na hakuna kicheko cha kubandika cha kukuambia wapi pa kucheka. Dwight anachezwa na Rainn Wilson, aliyeteuliwa kuwania Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, mara 3 mfululizo, 2007, 2008 na 2009, na mara zote akatoka mikono mitupu. Waamuzi walikosea, lakini tuyaache hayo.

Mzizi wake uko Uingereza. Katika kipindi cha BBC kilichoanza mwaka 2001 kulikuwa na Gareth Keenan, aliyechezwa na Mackenzie Crook, kijana mwembamba anayejisifia uanajeshi wake wa akiba. Mzaha wa kumgandishia mtu stepla yake ndani ya jeli ulitoka kwake, ukahamishiwa nzimanzima kwenye sehemu ya kwanza ya Marekani. Ila Waingereza walitengeneza sehemu 14 tu wakafunga duka. Wamarekani walipogundua kuwa wana safari ndefu, wakamjazia Dwight mzigo ambao Gareth hakuwa nao: shamba la bitiruti analoishi na binamu yake Mose (anayechezwa na Michael Schur, mmoja wa waandishi wa kipindi), usaidizi wa kujitolea kwa sherifu, karate, silaha zilizofichwa kila kona ya ofisi, na ukoo wa wakulima wenye asili ya Kijerumani ambao kila mila yao inatisha kidogo.

Mzigo huo ndio watu wanaoukumbuka, pamoja na shati la mikono mifupi la rangi ya haradali. Lakini si huo unaomfanya achekeshe. Dwight ana mabwana wawili, sheria na bosi, na anawatumikia wote kwa moyo mmoja. Wakivutana, hapo ndipo kichekesho kinapozaliwa.

Tazama "Health Care", sehemu ya 3 ya msimu wa 1. Michael anakwepa lawama za kuchagua bima ya afya, anamtupia Dwight kazi hiyo. Mtu mwingine angenung'unika. Dwight anahamia chumba cha mikutano, anakiita ofisi yake, na anachagua bima ya bei ya chini kabisa yenye matibabu machache kadiri inavyowezekana, kwa kuwa yeye haugui. Wenzake wanapolalamika, anawataka waandike magonjwa yao ili aamue lipi lilipiwe. Wanaanza kubuni maradhi ya ajabuajabu, na yeye anayasoma kwa sauti mbele ya wote akiwa na sura ya hakimu. Hakuna ukorofi hapo. Kuna mtumishi mwaminifu aliyepewa rungu lisilo la saizi yake.

Halafu nenda "Drug Testing", msimu wa 2 sehemu ya 20. Dwight anaokota kipisi cha bangi kwenye maegesho na anavaa sare yake ya usaidizi wa sherifu. Anawahoji wote, mmoja baada ya mwingine, na kisha vipimo vya mkojo vinakuja. Kumbe anayeogopa kipimo ni bosi mwenyewe, aliyekuwa kwenye tamasha la muziki siku si nyingi zilizopita, na anamwomba Dwight ampe mkojo wake ulio safi. Angalia uso wa Wilson katika dakika zile. Hapigi kelele na hafanyi vituko, anateseka tu. Mwishowe bosi anashinda, Dwight anautoa mkojo, kisha anakwenda kurudisha sare kwa sababu amevunja kiapo. Vichekesho vingi vya ofisini vina mtu wa kujikomba kwa wakubwa. Vichache vinathubutu kuonyesha kujikomba huko kunamgharimu nini.

Jambo la pili ambalo watazamaji wengi huliruka: huyu jamaa anajua kazi. Waandishi wangeweza kumfanya mnoko asiyefaa kitu, na wangepata vicheko vya haraka kwa msimu mmoja. Badala yake wakamfanya muuzaji bora wa tawi. Katika msimu wa 3, kwenye "Traveling Salesmen", anakwenda na Jim Halpert, adui yake wa kila siku anayechezwa na John Krasinski, kwa mteja anayesema maduka makubwa yanauza karatasi rahisi zaidi. Dwight anaomba kutumia simu ya mezani. Anapiga huduma kwa wateja ya duka mojawapo kubwa, anaambiwa asubiri, anaiacha kwenye spika muziki ukilia. Mazungumzo yanaendelea. Jim anatoa simu yake, anapiga huduma kwa wateja ya Dunder Mifflin, na inapokelewa papo hapo. Muziki wa upande ule bado unalia. Hawakupanga kwa maneno wala kukonyezana. Kila mmoja anajua zamu yake. Somo la uuzaji linaisha kwa dakika mbili hivi, na ghafla unaelewa kwa nini kampuni inamvumilia mtu anayeficha visu ofisini.

Ndiyo maana mizaha ya Jim dhidi yake haigeuki kuwa uonevu mtupu. Dwight si mnyonge, na kila mzaha umejengwa juu ya sifa yake halisi. Ule wa simu, kwa mfano. Sarafu za senti 5 zinaingizwa ndani ya mkono wa simu yake chache chache, kwa muda mrefu, hadi mkono wake unauzoea uzito mpya. Kisha zinatolewa zote kwa mpigo. Simu inaita, Dwight anainyanyua kwa nguvu alizozizoea, na anajigonga kichwani. Usingefanikiwa kwa mtu mwingine, kwa kuwa unahitaji mfanyakazi anayepokea kila simu kwa kasi ileile siku zote. Wa peremende katika msimu wa 3 uko hivyohivyo: kila kompyuta inapotoa mlio wa kuwashwa upya, Jim anamkaribisha peremende, tena na tena, mpaka siku moja mlio unalia na mkono wa Dwight unanyooka wenyewe bila kuombwa. Anashangaa kwa nini mdomo umekuwa na ladha mbaya. Nidhamu yake ndiyo inayomponza.

Upande wa uigizaji, kuna kitu kimoja kidogo cha kukitazama kwa makini: macho. Jim huiangalia kamera ili kuomba huruma ya mtazamaji. Dwight anapoiangalia, huwa anatoa ushahidi. Wilson hata siku moja hakupi ishara kwamba anajua anachekesha, na hata bitiruti anazizungumzia kwa sauti ya mtu anayesoma hati mahakamani. Ukiona mwigizaji mwingine amejaribu mhusika wa namna hii akashindwa, mara nyingi kosa ni hilo, anacheza kituko huku akitabasamu kwa ndani.

Na huruma anayo, ila inatoka kwa mlango wa nyuma. Katika "Back from Vacation", msimu wa 3, anamkuta Pam, karani wa mapokezi, akilia peke yake kwenye korido. Anauliza nani kafanya hivyo, tayari kupigana. Hakuna wa kupigwa. Anavua koti, anajifunga kiunoni kwa sababu anasikia joto, anampa leso, anakaa naye. Kisha anaiharibu kwa swali lisilofaa kuhusu siku za mwezi. Kuharibika kwenyewe kunaifanya ikae sawa. Faraja safi isingekuwa yake.

Dosari zipo, na si ndogo. Kipimo kizuri ni kujiuliza: je, mkulima huyu anayeabudu kanuni angeona jambo hili ni la kawaida? Kumweka paka mgonjwa wa Angela, mhasibu wa ofisi, kwenye friza mwanzoni mwa msimu wa 4 kunafaulu kipimo hicho, japo kwa uchungu. Shambani mnyama anayeteseka hukatishwa mateso, na Dwight haelewi kosa liko wapi. Zoezi la moto linalofungua "Stress Relief" la msimu wa 5, lililorushwa Februari 1, 2009 mara baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, nalo linafaulu. Alishatoa somo la usalama, hakuna aliyemsikiliza, kwa hiyo anapasha moto vitasa vya milango, anafunga njia za kutokea na kuwasha moto kwenye pipa la taka. Paka anarushwa darini, mmoja anavunja mashine ya vitafunio, mwingine anaanguka kwa mshtuko wa moyo. Ni wazimu, lakini ni wazimu wa mwalimu aliyepuuzwa. Baadaye katika sehemu hiyohiyo anakata uso wa sanamu ya mafunzo ya huduma ya kwanza na kujivika. Hapo kipimo kinakataa. Huyo si Dwight tena, ni kikaragosi cha kutisha, na wanaoisifia sehemu hiyo yote kwa jumla wanaubebesha mwanzo wake mzigo wa katikati.

Tatizo linakua Steve Carell, anayecheza Michael, anapoondoka mwaka 2011 karibu na mwisho wa msimu wa 7. Bwana mmoja kati ya wawili ametoweka, na waandishi wanaliziba pengo kwa vituko. Katika msimu wa 8, wakiwa Florida, kidole tumbo kinamshika katikati ya mashindano ya cheo, anapelekwa hospitalini, na bado anarejea kugombea siku hiyohiyo. Unacheka, lakini ungeweza kumpa mhusika yeyote kipande hicho. Msimu wa 9 nao ukaingiziwa "The Farm", sehemu iliyokusudiwa kuzaa kipindi kipya cha shambani kwake. NBC walikikataa, na ukiitazama unaona sababu: nje ya ofisi, kati ya ndugu wanaofanana naye, Dwight ni mtu wa kawaida tu.

Kwa anayeanza, msimu wa 1 una sehemu 6 tu na ni mkavu. Tazama ya kwanza na ya 3, kisha ingia msimu wa 2 na usiruke kitu. "The Injury", sehemu ya 12, ndiyo ya kupimia kama mhusika huyu ni wa kwako. Michael ameunguza mguu kwa mashine ya kuchoma nyama, Dwight anakimbilia kumwokoa, anagonga nguzo akitoka kwenye maegesho, ubongo unatikisika, na kwa saa chache anakuwa mtu mpole anayependeka. Usipocheka hapo, saa 70 hizo zitumie kwa mengine. Angalizo moja la kukuepusha na usumbufu: katika baadhi ya misimu namba za sehemu hazilingani kila mahali, kwa sababu zile za saa nzima wengine huzihesabu kuwa moja na wengine mbili. Msimu wa 4 wenyewe huandikwa kuwa na sehemu 14 au 19. Tafuta kwa jina.

Ukichoka baada ya Michael kuondoka, ruka msimu wa 8 karibu wote, ila urudi kwa sehemu chache za mwisho za msimu wa 9. Asiyependa kuambiwa mwisho aishie hapa. Dwight anapewa umeneja wa kweli, bila mtu wa kumsahihisha. Anamchagua Jim kuwa Msaidizi wa Meneja wa Kanda. Jim anasema naye anahitaji msaidizi, wanaandaa mashindano rasmi ya kumpata, yenye mitihani ya kila aina, na baada ya kuwapima wafanyakazi wengine wote inadhihirika kwamba anayestahili ni mmoja tu. Meneja wa tawi anaipokea kwa fahari kazi yake mpya ya ziada: Msaidizi wa Msaidizi wa Meneja wa Kanda.