Kupiga picha Posta usiku: uzoefu wangu

Wakuu, kuna mpiga picha hapa Dar watu wanamjua kwa picha zake za jiji usiku, sasa ameanza kuchukua watu anatembea nao kutoka Posta mpaka Feri akiwafundisha, kichwa 60,000. Nimeenda na hela yangu haijaliwa bure, ila kuna vitu vinakera.

Kwanza muda. Akikwambia saa kumi na mbili jioni pale sanamu ya askari uwe umefika, maana jua likishazama kuna dakika chache anga linakuwa la bluu iliyokolea na taa za maghorofa zimeshawaka, hapo ndo picha zake kali zinatoka, ukikwama kwenye foleni ya Morogoro Road imekula kwako, giza likishakuwa tii huoni ghorofa linaishia wapi.

Flashi marufuku. Kamera inakaa kwenye tripodi, shata (pazia la ndani linaloruhusu mwanga uingie) wazi sekunde kama kumi hivi, mwendokasi ikipita basi lenyewe halionekani, inabaki mistari ya taa tu. Nikafanya hivyo hivyo kwa pantoni inayotoka Kigamboni, ikatoka imeyeyuka yote, jamaa akacheka, akasema chombo kinachotembea majini punguza sekunde pandisha ISO, ile namba ya kamera kunasa mwanga haraka. Ndo akatupa stori ya Brassaï, yule mpiga picha aliyezurura Paris usiku miaka ya 1930, alikuwa anapima muda wa shata kwa sigara inavyoungua, Gauloise penye mwanga kiasi, Boyard penye giza zaidi. Mi sivuti, nilihesabu kwa simu.

Kilichonikosha ni mzee wa kahawa Kivukoni. Jamaa kamera hata hakuitoa, alimwamkia shikamoo, tukanywa kwanza na kashata juu, ndo akaomba. Mwanga wote ni wa makaa chini ya birika, unamshika mzee kidevuni na kwenye vidole anavyogonganisha vikombe. Hiyo picha iko profaili yangu mpaka leo.

Sasa kero: tripodi chache watu kibao, unasubiri zamu huku anga linakimbia. Aliahidi kutukosoa picha zetu wasapu, nimemkumbusha mpaka nimechoka. Halafu habari ya kutoelekeza kamera upande wa Ikulu na bandari aiseme kabla ya kuanza, mwenzetu mmoja nusura atuletee balaa na walinzi.

Akiweka safari ya Daraja la Tanzanite narudi, ila tripodi nabeba yangu.