Sufi ya glasi juu ya dari: tathmini ya kazi niliyofanyiwa nyumbani Ilboru

Mama yangu alihamia kwetu Ilboru, Arusha, mwezi Mei akitokea Tanga, na kipupwe kilipoanza kuuma mwezi Juni alifanya jambo ambalo wazee wengi wa pwani hulifanya wakifika huku mlimani: alimaliza kupika chai ya jioni, akalibeba jiko la mkaa likiwa bado na makaa mekundu, akaliingiza chumbani kwake na kufunga dirisha. Nilimkuta hajalala, nikalitoa jiko nje huku akinilaumu. "Mwanangu, unataka nife kwa baridi?" Ilinibidi nimweleze kwamba baridi haikuwa hatari kubwa chumbani humo. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na mtu aliyekwisha kulala haamki kuitambua.

Tukanunua hita ya umeme ya wati 2,000. Hita hiyo ikiwashwa sebuleni kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku hula uniti 8, na kwa sisi ambao hatumo katika kundi la wateja wa bei nafuu wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, shilingi 10,000 za LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, hutoa takriban uniti 28 ukiacha makato ya kodi ya jengo. Kwa hiyo kila jioni tulikuwa tukichoma karibu shilingi 2,850, yaani kama 85,000 kwa mwezi, na bado saa 12 asubuhi sebule ilikuwa imerudi kuwa baridi kana kwamba hapakuwashwa kitu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tatizo letu halikuwa uhaba wa joto, bali nyumba isiyoweza kulitunza.

Nyumba yetu ni ya kawaida kwa Arusha: kuta za tofali za saruji, bati, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini ya kusukuma. Joto hupanda, na juu yake kulikuwa na ubao wa jipsamu wa milimita 9 tu, kisha nafasi tupu kati ya kenchi, kisha bati lililo wazi kwa anga la usiku. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400 na Ilboru imepanda zaidi kuelekea Mlima Meru, hivyo asubuhi za Julai nje hapa kwetu hushuka hadi nyuzi 12 na wakati mwingine chini ya hapo.

Kampuni niliyoipa kazi ina ofisi hapa mjini, na sitaitaja kwa kuwa nina malalamiko nayo. Wao hujitangaza zaidi kwa watu wanaotaka kupunguza joto la bati la Januari na Februari, na nilipowaambia kwamba mimi nataka kuzuia baridi, yule kijana wa mauzo alisita kidogo kabla ya kusema kwamba ni kitu kilekile. Alikuwa sahihi. Kihami joto hakijui upande. Hupunguza kasi ya joto kupita, liwe linatoka au linaingia.

Walileta sufi ya glasi katika mabunda matatu, kila moja likitosha mita za mraba 18, yenye unene wa milimita 50 na karatasi ya alumini inayong'aa upande mmoja. Waliokulia kwenye magodoro ya sufi ya msufi wataielewa haraka. Kinachozuia joto si nyuzi zenyewe bali hewa iliyonaswa katikati yake, ambayo haiwezi kuzunguka na kubeba joto kwenda juu. Ndiyo maana sufi iliyokandamizwa hupoteza kazi yake, kama godoro lililolaliwa miaka 20, na iliyolowa maji karibu haina kazi kabisa. Kwa hesabu za kawaida za ujenzi, milimita 50 za sufi hii juu ya jipsamu hupunguza joto linalopotea kupitia dari hadi kufikia karibu robo ya lililokuwa likipotea awali. Uingereza, ambako msimu wa baridi si mchezo, hushauriwa kutandika milimita 270 darini. Kwa Arusha unene huo ungekuwa kutupa fedha, kwa sababu milimita za mwanzo ndizo hufanya sehemu kubwa ya kazi na kila nyongeza huleta faida ndogo kuliko iliyotangulia.

Mafundi wawili waliingia darini asubuhi wakiwa na barakoa, glavu na nguo za mikono mirefu, jambo lililonifurahisha, kwa kuwa nyuzi za glasi huwasha ngozi na koo. Kufikia saa 9 alasiri sebule na vyumba viwili vilikuwa vimekwisha. Walizungushia taa zinazozama ndani ya dari nafasi ya kutosha ili zisipate moto kwa kufunikwa, wakaninyoshea mkono nipande ngazi nikaone. Sehemu niliyoweza kuiona ilikuwa imetandazwa vizuri, kipande kikigusa kipande.

Kasoro ziko katika sehemu ambazo sikuziona siku ile. Wiki moja baadaye nilipanda mwenyewe na tochi. Kwenye kingo, pale paa linaposhuka kukutana na ukuta, sufi ilikuwa imesukumwa kwa fimbo hadi ikajikunja na kuziba matundu ya hewa ya chini ya paa. Hili ni kosa mara mbili: sufi iliyobanwa haihami, na dari isiyopata hewa hubaki na unyevu, kisha bati "hutoa jasho" usiku na kudondosha matone juu ya sufi ileile niliyoilipia. Kosa la pili lilikuwa kifuniko cha kupandia darini, kilichopo kwenye korido. Hawakukigusa kabisa. Nilipomwuliza fundi kwa simu, alijibu, "Mama, pale ni padogo, hapana madhara." Usiku huo niliweka kiganja chini ya kifuniko na nikahisi hewa baridi ikimiminika kama vile friji imefunguliwa.

Kuhusu matokeo, nilipima kwa kipimajoto cha kawaida kilichowekwa mahali pamoja sebuleni, hita ikiwa imezimwa tangu saa 4 usiku, katika asubuhi ambazo nje palikuwa na nyuzi 12. Kabla ya kazi sebule ilikuwa nyuzi 16 ifikapo saa 12 asubuhi. Baada ya kazi ilikuwa 17 na nusu. Nilitarajia zaidi, na kwa siku kadhaa niliamini nimeibiwa.

Kisha nikaanza kuutazama mlango wa mbele. Chini yake palikuwa na mwanya wa sentimita 1 katika upana wa sentimita 80, ambao ukiukusanya pamoja ni sawa na kutoboa ukutani tundu la sentimita 9 kwa 9 na kuliacha wazi usiku kucha. Nilinunua raba ya mlango, mirija miwili ya silikoni kwa ajili ya kingo za madirisha, na kipande cha godoro la sponji nilichokibandika juu ya kile kifuniko cha korido, jumla shilingi 45,000 pamoja na ujira wa kijana aliyenisaidia. Asubuhi zilizofuata, nje pakiwa nyuzi 12 tena, sebule ilisoma 18 na nusu. Fedha kidogo kuliko zote zilileta karibu theluthi mbili ya faida niliyoipata kwa kazi kubwa, na kampuni haikuwa imenitajia mianya hata mara moja, kwa sababu wao huuza mabunda.

Lazima niseme hapa, kwa yeyote atakayeiga, kwamba nyumba iliyozibwa mianya haifai tena kuingizwa jiko la mkaa hata kwa dakika chache. Nilizoziba ni nafasi za mlango na madirisha ya sebule na vyumba; jikoni, ambako tunapikia gesi, nimeacha tundu la hewa la juu ya dirisha likiwa wazi kama lilivyojengwa, na jiko la mkaa sasa lina makazi yake ya kudumu barazani.

Wakati haya yakiendelea nilikuwa nikiikumbuka nyumba ya msonge ya bibi mzaa baba, kule Kibosho, iliyoezekwa kwa nyasi nene kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, na ng'ombe wakilala upande mmoja ndani. Nyasi zile zilikuwa zimejaa hewa iliyonaswa, sawasawa na sufi yangu ya dukani, na ng'ombe walikuwa hita isiyohitaji LUKU. Tulipozibomoa nyumba za namna hiyo tukapandisha bati tulipata paa lisilovuja, lakini hakuna aliyefikiria kurudisha kile kilichokuwa kikitunza joto.

Kwa hesabu ya fedha, sufi ilinigharimu shilingi 450,000 na ufundi tulikubaliana 180,000. Hita sasa huwashwa kwa saa moja na nusu badala ya nne, hivyo tunatumia uniti 3 kwa jioni badala ya 8, na tunaokoa takriban shilingi 53,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ya baridi kali hiyo ni kama 160,000, kwa hiyo gharama yote, pamoja na zile 45,000 za mianya, itarudi baada ya vipupwe vinne au vitano. Aliyepanga nyumba ya mtu asijisumbue na sufi. Anunue raba na mapazia mazito. Mwenye nyumba yake, hasa anayeishi Ilboru, Ngaramtoni au upande wowote wa juu, namshauri ainunue, lakini aanze na mianya, na asimlipe fundi kabla hajapanda darini na tochi hadi kwenye kingo.

Nyenzo naipa alama 9 kati ya 10, na ufundi 5. Katika ule ujira wa 180,000 nilibakiza 60,000 mpaka warudi kuvuta ile sufi iliyojikunja na kufungua matundu ya chini ya paa. Mara tatu sasa wameahidi kuja Jumamosi. Fedha yao ipo kwenye bahasha, juu ya friji.