Amadinda kwenye runinga: kamera mbili au marudio?

Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda nchini Uganda, ina vibao 12 na wapigaji 3 wanaopokezana mapigo upesi mno. Ukitumia kamera moja na kuwaomba warudie, unapata picha za karibu nzuri sana, lakini mwendo wa marudio haulingani na wa kwanza: ukiweka picha hizo juu ya sauti ya kwanza, baada ya sekunde chache fimbo inagusa kibao kabla ya mlio, na anayeijua ala hiyo anaona mara moja.

Kamera mbili zinajaza diski maradufu. Hata hivyo, ndizo bora. Zote ziwe fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) sekunde 1/50 ili taa za umeme zisipepese; piga kofi moja mbele ya kamera zote mbili, kisha wakati wa kuhariri ulinganishe kilele cha sauti yake. Sauti iliyonaswa na rekoda ya pembeni usiikate, kata picha tu.