Netflix kwa bando dogo: muvi na sizoni za kushusha kwanza ukiwa Kigoma

Haya wadau, karibuni tena. Mwanga, Ujiji, Gungu, Katubuka, na nyie wa Kasulu na Kibondo mnaonitazama huku mtandao unakatakata, leo zamu ya Netflix. Wengi mmeniuliza: nikishalipia, naangalia nini? Swali la haki kabisa. Ukifungua ile programu, safu ya juu inakurushia zinazovuma, na zinazovuma karibu zote ulishawekewa kwenye flashi na yule kijana wa muvi pale mtaani. Squid Game umeiona. Money Heist umeiona, tena na DJ anakutafsiria juu yake. Sasa ulipe ili uangalie kilekile?

Msimamo wangu nauweka mapema. Kwa mtu wa Kigoma, Netflix inalipa pale unapoipita ile safu ya juu ukaanza kutafuta vya majirani: Uganda, Kongo, Malawi. Hivyo kwa wauza flashi hutavikuta kirahisi, kwa sababu havina ngumi na steringi wake hana misuli.

Naanza na ninayoipenda kuliko zote. Chimp Empire. Ni ya sokwe wa kweli, ya 2023, vipande vinne tu, imepigwa Ngogo, ndani ya msitu wa Kibale, Uganda. Mwongozaji ni James Reed, mmoja wa wale wawili walioongoza My Octopus Teacher, ile ya pweza iliyobeba Oscar 2021. Msimulizi ni Mahershala Ali, Kiingereza cha taratibu, hata ukikosa neno hapa na pale, macho yanakumalizia.

Najua kuna mtu keshaguna. Sokwe? Sisi watu wa Kigoma ndio tuonyeshwe sokwe, na Gombe ni kupanda boti tu hapo Kibirizi? Mzee wangu, tuambizane ukweli, wangapi tumeshakwenda? Na aliyekwenda aliwaona kwa muda mfupi, wako juu ya mti wanakula, akapiga picha akarudi. Humu kamera imekaa nao mpaka unawajua kwa majina. Jackson ndiye mkubwa wa kundi la Kati. Jirani zao ni kundi la Magharibi, wachache zaidi, ila wana umoja wa kutisha. Na zamani hao wote walikuwa jamii moja, wakagawanyika. Sasa wanagombea mipaka na miti ya matunda, na ndani ya kundi lenyewe kuna vijana wanaitamani nafasi ya Jackson. Anayekaa kumtoa mwenzake chawa leo anatafuta kura ya kesho. Kama umewahi kufuatilia uchaguzi wa serikali ya mtaa, humu hupotei.

Kwetu sisi ina uzito mwingine. Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, alifika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26. Miaka ya sabini kundi la sokwe la Kasekela likagawanyika, waliojitenga wakashika upande wa bonde la Kahama. Kati ya 1974 na 1978 madume wa Kasekela wakawamaliza madume wa Kahama, mmoja baada ya mwingine. Walikuwapo wataalamu waliosema hao wameharibiwa na ndizi walizokuwa wakigawiwa na watafiti. Sawa. Ngogo hakuna aliyewagawia ndizi, na bado wanapigana. Ukiitazama sizoni hii ukiwa na hilo kichwani, haikuachi ilivyokukuta. Na kabla hamjaniuliza: ile Jane ya 2017, iliyotengenezwa kwa picha za zamani za Gombe, ni ya National Geographic, msihangaike kuitafuta kwenye hesabu ya leo.

Kasoro ipo. Muziki unakuambia uogope kabla hujaona cha kuogopa, na wahariri wanapenda mno kukuachia kipande kwenye kilele ili ubonyeze kinachofuata. Pia kuna damu, watoto wadogo walale kwanza.

Hapo nikatize kidogo tuongee bando, maana najua ndiyo roho ya jambo. Kifurushi cha simu cha Netflix ndicho cha bei ya chini, kinafanya kazi kwenye simu au tableti moja. Kwenye TV hakiendi. Usilipie kile ukidhani jioni familia nzima itakaa sebuleni. Kulipa si lazima uwe na kadi ya benki mkononi, kadi ya mtandaoni unayofungua kwenye pesa ya simu inaweza kukutosha. Ukiingia, nenda kwenye mipangilio ya programu, chagua ile ya kuokoa data. Kwa makadirio ya Netflix wenyewe, hapo GB 1 inakupa kama saa 6 za kuangalia moja kwa moja mtandaoni. Sasa piga hesabu: Chimp Empire yote haifiki saa nne. Picha haitang'aa sana, lakini kwenye kioo cha simu, nani analalamika?

Mimi ushauri wangu ni kushusha usiku, kwenye bando la usiku, uangalie mchana bila presha. Ila angalia: baadhi ya ulizoshusha, ukishabonyeza tu kuanza, una saa 48 tu, kisha muda wake unaisha. Usianze kitu Jumatatu ukisema utamalizia Jumapili.

Turudi. Virunga, ya 2014. Hii ni ya kweli, si ya kuigiza, kuhusu askari wa hifadhi ya Virunga huko Kongo, wakati waasi wa M23 wanasogea mwaka 2012 na huku kampuni ya mafuta ya Uingereza inainyemelea hifadhi. Kuna André Bauma, mlinzi anayewalea gorila yatima kama wanawe, na mabomu yanasikika. Utasikia Kiswahili cha Kongo, kilekile tunachokisikia sokoni kwetu. Sisi tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tuna majirani waliokimbia vita vya nchi hiyo, kwa hiyo msiitazame kwa kupitisha muda. Mimi niliisimamisha mara mbili nikatoka nje.

The Boy Who Harnessed the Wind, 2019. Malawi, njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kijana William Kamkwamba anatengeneza kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli ya baba yake. Chiwetel Ejiofor ameongoza na ndiye baba humo humo. Trela inakuambia muvi ni kuhusu kinu, lakini kinu kinakuja mwishoni kabisa. Muda mwingi ni baba na mwana, na mahindi yanayopungua ghalani. Wanachanganya Kiingereza na Kichewa, na kwenye Kichewa utashangaa unavyodaka maneno. Hii ndiyo ya kuangalia na wazazi.

Ya nyumbani je? Binti, ya Seko Shamte, iliingia Netflix 2022. Wanawake wanne wa Dar es Salaam, hadithi nne. Ya kwanza, ya Tumaini na deni lake kwa mkopeshaji, ndiyo bora, nyingine zinapanda na kushuka. Tafuta jina lake kabla ya kulipia, kwa sababu zile ambazo Netflix hawakuzitengeneza wenyewe huwa zinaingia na kutoka kimyakimya.

Atlantics ya Mati Diop, 2019, Dakar, vijana waliodhulumiwa mshahara wanaingia baharini. Ni ya polepole, wengine mtasinzia. Lakini wewe uliyesubiri mtu ziwani usiku mpaka kukacha, jaribu.

Basi, kwa GB moja, ukiangalia moja kwa moja kwa ule mpangilio wa kuokoa data: Chimp Empire na ya yule kijana wa Malawi, zinaingia zote. Ukimaliza niandikie hapo chini uko na kundi la Kati au la Magharibi. Mimi nimeshachagua, sisemi, maana mara ya mwisho mlinishambulia kwa Simba na Yanga.