Walituonyesha vyeti, wakaacha mlango wa seva wazi

Nilipoanza jana kuandika maoni haya kuhusu kampuni iliyotuwekea seva, nilisema kazi yao ni ya wastani, fundi alifika kwa wakati, bei inavumilika. Nimefuta yote. Kila nikikumbuka swali aliloniuliza yule bwana, moto unaniwaka upya.

Tunatunza taarifa za wagonjwa: majina, namba za simu, majibu ya vipimo. Miezi michache iliyopita seva yetu ya zamani, yaani kompyuta inayohifadhi taarifa hizo, ilichoka, tukaita kampuni ituwekee mpya yenye MySQL, programu ya kuendesha hifadhidata, na kuiwekea ulinzi. Walitutumia ukurasa mzima wa vyeti vya mafundi wao. Bosi wangu alivutiwa sana, na mimi vilevile, sikatai. Mimi sina hata kimoja. Kazi hii nimeijua kwa kuifanya.

Fundi alikaa nusu siku, akasema kila kitu kiko salama, akaondoka. Jioni nikiwa nyumbani, nje kabisa ya mtandao wa ofisi, nikajaribu kugonga mlango namba 3306 wa seva yetu, ndio ambao MySQL hupokelea maombi kutoka kwenye mtandao. Ukaitika! Ukanitajia hadi toleo la MySQL tunalotumia. Yaani mtu yeyote duniani angeweza kuketi pale kizingitini akibahatisha nenosiri usiku kucha. Kesho yake nikachimba zaidi, nikakuta programu ya mapokezi inaingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ile yenye uwezo wa kufuta kila kitu, wakati kazi yake ni kusoma, kuongeza na kurekebisha rekodi basi.

Nikampigia. Nikasema kwa adabu, "Samahani kaka, mlango wa hifadhidata unaonekana kutoka nje."

Kimya kidogo. Kisha: "Kwani dada, wewe una cheti gani?"

Nikamwambia sina. Akasema basi niwaachie wenye ujuzi wao, na tena hakuna mtu atakayejua seva yetu iko wapi.

Hakuna atakayejua! Anwani zote za IPv4, zile namba zinazotambulisha mashine kwenye intaneti, ni kama bilioni 4.3 tu. Tangu 2013 ipo programu ya ZMap, iliyotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, ambayo kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kuitumia kugonga mlango uleule kwenye anwani hizo zote ndani ya saa moja. Wezi hawahitaji kukujua jina. Wanapita nyumba kwa nyumba, wanasukuma. Mwanzoni mwa 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi bila nenosiri zilifutwa, wenyewe wakakuta ujumbe wa kudai bitcoin mahali palipokuwa na data yao. Hao nao nani alijua seva zao zilipo? Na kwetu, nilipofungua kumbukumbu za seva, majaribio ya kuingia kutoka anwani nisizozifahamu yalikuwa yameshaanza. Siku moja tu.

Sikusubiri ruhusa ya mtu. Nilifunga mlango kwenye ukuta wa moto, ile kinga inayochagua nani aruhusiwe kuifikia seva, nikaruhusu anwani ya kompyuta ya programu peke yake, nikaitengenezea programu akaunti yake yenye haki chache. Haikuchukua hata saa moja. Saa moja!

Usiku ule ningekuambia cheti ni karatasi. Mtihani wa kuchagua jibu A au B, watu wanakariri maswali yaliyovuja, wanapita, wanakuja kutudharau.

Lakini itabidi niwe mkweli. Bosi alipolalamika, walimtuma binti mwingine, na huyo ana cheti kilekile cha yule bwana. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniomba nimwonyeshe nilichobadilisha, akapitia mstari kwa mstari, akakuta na mimi nimesahau jambo: bekapu zetu, yaani nakala za akiba za data, zilikuwa kwenye diski ya seva ileile, kwa hiyo mwizi angeondoka na vyote. Akazihamishia mashine nyingine, akazifunga kwa usimbaji ili asiye na ufunguo asiweze kuzisoma, kisha akanikalisha turudishe moja kwa majaribio mpaka rekodi zikaonekana. Nilipomuuliza kuhusu cheti chake alisema kilimpa ratiba ya kusoma mambo ambayo peke yake asingeyagusa. Nilimwamini, kwa sababu la bekapu mimi sikuwa nimeligusa miaka yote hii.

Kwa hiyo nyota ngapi? Niliandika moja, kwa ajili ya huyo binti nikapandisha hadi tatu. Sasa nimesoma tena nilivyojibiwa kwenye simu na nairudisha moja. Data ile si yangu wala ya bosi. Ni ya mama aliyekuja kupima akijua majibu yake yatabaki kwetu, na yule bwana hadi leo hajapiga simu hata kuuliza kama kuna kilichoibwa.